Karatasi Ambayo Walu Hakuigeuza

"Walu, huu mwandiko ni wa nani?"

Walubengo aliinua kichwa akitabasamu. Dakika hiyo alikuwa ameingoja tangu Alhamisi.

"Wangu. Si umeona vile iko safi? Nimekurekebishia karakta."

"Umenirekebishia."

"Eeh. Sai Mzee Kundu ako sawa. Angalia mashambulizi, imetoka tatu ikafika kumi na sita! Angalia wepesi. Leo tukipatana na lile joka la pangoni hatutoroki, bana. Tunaliua."

Fridah hakuangalia mashambulizi. Alikuwa akipitisha kidole juu ya karatasi, mstari baada ya mstari, kama mtu anayetafuta jina la mtoto wake kwenye orodha ya waliofaulu.

"Ulifuta," akasema.

"Nilifuta na raba. Halafu nikaandika na biro, ndio isiwahi kufutika tena."

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, katika chumba cha nyuma cha duka la fotokopi la Bethwel mjini Kitale. Mezani walikuwa wanne. Bethwel mwenyewe, mtu wa Cheptais, ndiye aliyekuwa msimulizi wa mchezo. Cheptoo, mwalimu wa sekondari, alicheza mpiga mishale. Walubengo na Fridah walikuwa wachumba wa mwaka wa nne, na tarehe kumi na nne Disemba wazee wa Walubengo walikuwa waende kwa kina Fridah, Sirisia, kuongea mambo ya ndoa.

Mchezo wao haukuwa na ubao wala kete za kusukuma. Bethwel alisimulia dunia ya milima, mapango na majoka, na kila mtu aliishi humo kupitia mhusika wake. Uwezo wa mhusika uliandikwa kwa pointi kwenye karatasi, na dadu ya pande ishirini ikaamua bahati. Pointi zenyewe hazitoshi kamwe. Ukiongeza nguvu, umepunguza akili. Hapo ndipo Walubengo alipokuwa bingwa. Mchana alifanya kazi ya kuchagua mbegu za mahindi katika ghala moja nje ya mji, nzuri huku, mbovu kule, na jioni akitoka kazini mikono yake haikujua kuacha. Shujaa wake, Chuma, hakuwa na pointi hata moja iliyolala.

Mzee Kundu alikuwa kinyume chake kabisa. Mganga anayechechemea, hawezi kukimbia, upanga hajui, lakini anaimba na kupika. Aliyemwumba ni Mukhisa, kaka yake Fridah na rafiki wa chanda na pete wa Walubengo. Miaka miwili iliyopita ugonjwa wa selimundu ulimchukua Mukhisa akiwa na miaka ishirini na sita. Wiki ya tatu baada ya mazishi Fridah aliketi kwenye kiti cha kaka yake, akaivuta karatasi ya Mzee Kundu, akasema, "Endeleeni." Wengine walifuta na kuandika upya kila mhusika alipokua. Fridah hakufuta hata nukta. Pointi mpya alizibana pembeni, kwa herufi ndogo, kuzunguka mwandiko wa kaka yake.

Na sasa hakukuwa na mwandiko wa kaka yake.

"Saba zake zilikuwa na mkia," Fridah akasema. "Alikuwa anaziandika na mkia, unakumbuka? Mwalimu alimchapa akakataa kuacha. Saba za Mukhisa ziko wapi, Walu?"

Tabasamu la Walubengo likaanza kumtoka usoni.

"Lakini... ni pointi tu. Sote hufuta. Si ndio maana tunaandika na penseli?"

"Walu, bana," Cheptoo akasema kwa sauti ya chini. "Umefanya nini?"

"Aliniachia faili Jumatano, akaenda kuona mamake. Nilitaka akirudi apate kitu kizuri!"

Na kweli alitaka. Hilo ndilo la kusikitisha. Alitumia saa yake ya chakula cha mchana siku mbili nzima, njaa ikimwuma, akipiga hesabu ya zawadi. Maskini ya Mungu, watu hawa walikuwa wameketi miaka yote hiyo hatua tano kutoka kwa mashine ya fotokopi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiria kutoa nakala.

Bethwel akakohoa. "Tuahirishe leo. Hata mimi sina nguvu ya kusimulia."

"Apana," Fridah akasema. "Tucheze. Nataka kuona vile Mzee Kundu ako sawa."

Wakacheza. Bethwel alisimulia pango, matone ya maji, harufu ya popo. Joka likatoka. Chuma akakimbia mbele, kama kawaida yake, kabla mtu hajasema lolote.

"Nashambulia," Walubengo akasema, akarusha dadu.

Ikasimama kwenye mbili.

"Mkia umekupiga kifuani," Bethwel akasema. "Chuma ameanguka, hawezi kusimama. Na dari ya pango imeanza kubomoka. Asipotolewa sasa hivi, atafukiwa."

"Niko nyuma yake," Fridah akasema. "Namwendea. Nambeba."

Bethwel akavuta karatasi ya Mzee Kundu. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Fridah, hapa kwa kubeba iko sifuri."

"Ilikuwa kumi na tano."

"Najua. Sasa ni sifuri."

Fridah akamgeukia Walubengo. "Kumi na tano yangu ulipeleka wapi?"

"Kwa mashambulizi na wepesi." Walubengo hakuinua macho. "Ilikuwa imelala tu. Hajawahi kubeba mtu, Fridah. Miaka yote hajawahi kubeba mtu."

"Mimi ndiye msimulizi," Bethwel akadakia. "Naweza kufumba jicho. Tuseme amembeba, maisha yaendelee."

"Usifumbe. Hesabu ni hesabu. Si Walu husema hivyo?" Fridah akasukuma kiti nyuma. "Mzee Kundu anatoka pangoni. Andika hivyo, Bethwel. Anatoka peke yake."

Akachukua sweta yake. Walubengo akainuka naye, akaipeleka ile karatasi mbele yake kwa mikono miwili.

"Umesahau hii."

"Sijasahau. Kaa nayo. Ni mwandiko wako sasa."

Fridah alikuwa mwalimu wa chekechea na shule zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo hakuna kilichomzuia. Jioni hiyo hiyo Fridah alirudi Sirisia.

*

Jumapili Walubengo aliandika: "Fridah nimekosa. Tafadhali tuongee."

Akaandika tena: "Sikufikiria. Naomba msamaha kwako na kwa Mukhisa."

Na tena: "Umefika salama?"

Ujumbe ulisomwa, haukujibiwa. Jumatatu akaharibu gunia zima kazini kwa kuchanganya mbegu alizokwisha kuchagua, jambo ambalo halijawahi kumtokea. Jumanne jibu likaja: "Walu sina hasira. Nimechoka tu."

Alilisoma hadi likapoteza maana. Hasira angeijua. Hasira ina mlango, unabisha, unaomba, unafunguliwa. Uchovu hakujua aushike wapi.

Jumatano akapiga simu mara saba. Ya nane ikapokelewa.

"Haloo? Fridah?"

"Nasikia."

"Sasa... niambie nifanye nini. Kitu chochote. Nitaandika upya vile ilikuwa."

"Na mkono wa nani?"

Walubengo akaitazama biro iliyokuwa mfukoni mwake.

"Walu, si karatasi pekee. Kwaya ulisema inakula Jumatano yangu, nikaacha. Likizo nilikuwa nauza mboga na Mama sokoni, ukasema huo wakati nisomee diploma. Nikasema sawa. Ukasema nikiwa na wakubwa wako nisiwe nacheka na sauti. Nikajifunza kucheka pole. Na kila mara ulikuwa na sababu, na sababu zako zilikuwa nzuri. Nilikuwa naisha pole pole, Walu, na kila mara kulikuwa na sababu nzuri."

"Nilitaka uwe mahali pazuri. Nilikuwa nakupenda hivyo."

"Najua."

"Hukuwahi kuniambia inakuuma."

"Ningekwambia ungenipea suluhisho."

Upande ule jogoo aliwika. Walubengo aliiweka simu sikio la pili, kana kwamba sikio hilo lingesikia habari nyingine.

"Na wazee wangu? Tarehe kumi na nne?"

"Sijui."

"Fridah, usiseme hivyo. Baba mdogo amenunua hadi viatu."

"Nimesema sijui. Kuja Jumamosi, nitakuambia uso kwa uso."

Simu ikakatwa. Walubengo alibaki amekaa juu ya gunia la mbegu, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni akatamani mtu mwingine amfanyie hesabu.

Alhamisi alikumbuka kitu walichofanya shuleni. Penseli huacha alama kwenye karatasi hata ukifuta. Ukipaka vumbi la risasi juu yake, maandishi hurudi. Akakwangua penseli, akapaka kwa ncha ya kidole, akashika pumzi. Biro yake mwenyewe ilikuwa imekanyaga kila kitu. Alikuwa ameandika kwa nguvu, kwa fahari, na makovu yake yalikuwa yamefunika makovu ya Mukhisa. Pembeni kabisa, karibu na neno "kupika," ukajitokeza mkia mmoja. Mkia wa saba. Walubengo alilia juu ya ule mkia kama alivyolia kaburini, na hata zaidi, maana kaburini hakuwa yeye aliyemwua.

Ijumaa akaenda kwa Bethwel.

"Nisaidie kukumbuka pointi zake. Nampelekea Fridah kesho."

Bethwel alikuwa akikata picha za pasipoti. Akaweka makasi chini.

"Za mbele nakumbuka kidogo kidogo. Lakini za nyuma si hukufuta?"

"Nyuma kuna nini?"

Bethwel akamtazama, kwanza akidhani ni utani.

"Walu, usiniambie."

"Nyuma hakuna pointi, Bethwel. Nyuma ni zile hadithi za karakta. Sijawahi kujaza yangu hata siku moja."

"Miaka mitano tumecheza na huyo mtu." Bethwel alisema bila kupaza sauti. "Geuza hiyo karatasi, ndugu yangu."

Walubengo akageuza. Upande wa nyuma ulikuwa umejaa kutoka juu hadi chini, penseli imefifia lakini inasomeka, mwandiko wa kulala, na kila saba ina mkia.

"Sababu za pointi za Mzee Kundu," Mukhisa alikuwa ameandika. "Wepesi 4. Hakimbii kwa sababu kila safari kuna mtu wa mwisho, na mtu wa mwisho asiachwe peke yake. Kuimba 12. Hii ni ya Fridah, siku nisipokuwako akumbuke kurudi kwaya. Kupika 7. Mama atafurahi. Kubeba 15. Hii ni ya Walu. Siku ile nilizidiwa pale Misikhu, Walu alinibeba mgongoni kutoka sokoni mpaka barabarani, na hakupumzika, na hakuwahi kuitaja tena. Mimi katika mwili huu sitaweza kumlipa. Kwa mchezo nina nguvu. Walu hukimbia mbele kwa sababu hesabu yake humwambia hawezi kuanguka. Siku akianguka, Mzee Kundu atambeba. Msimwambie, nataka nimshtue."

Walubengo alisoma hadi mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Kisha akakaa chini sakafuni kati ya mashine ya fotokopi na katoni za karatasi.

"Niliitoa mimi," akasema. "Bethwel, hiyo kumi na tano niliitoa na mkono wangu."

"Inuka, Walu."

"Nilisema imelala."

"Inuka. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kesho nenda Sirisia. Mwambie umesoma."

*

Kwa kina Fridah mahindi yalikuwa yameanikwa kwenye turubai uani, na Walubengo alipoingia langoni sauti ilitoka jikoni kabla hajabisha.

"Kijana wetu, umefika sarama?"

"Nimefika salama, Mama."

"Watu wa Kitale?"

"Hawajambo."

Sauti tu, mwenyewe haonekani. Ndivyo ilivyo kwa Wabukusu: mama mkwe na mkwe hawaangaliani usoni, hawapiti njia moja, na kushikana mikono ni mwiko kabisa. Tangu Walubengo aanze kumchumbia Fridah, Mama Mukhisa alimkimbia kwa heshima zote. Siku moja alikatiza shamba zima la mahindi yenye umande ili wasikutane njiani. Hata mazishini Walubengo alimwona kwa mbali, amefunikwa leso. Kumkimbia kule kulikuwa ndiko kumkaribisha, na leo sauti ile ya ukutani ilimpa tumaini kidogo. Bado niko mkwe, akajiambia.

Fridah alikuwa amechuchumaa kando ya turubai akipepeta. Alikuwa amekonda. Walubengo akachuchumaa upande wa pili.

"Nimesoma nyuma," akasema.

"Bethwel alikuambia."

"Eeh. Bethwel."

"Basi hukusoma. Uliambiwa usome." Hakusema kwa ukali. "Kila Jumamosi hiyo karatasi ilikuwa mbele yako. Nikienda kununua chai ilibaki hapo kwa meza. Nilikuwa nasema, leo ataigeuza. Mukhisa alisema tusikwambie, sikukwambia. Nikangoja. Nilikuwa nataka sana uigeuze, Walu."

"Kwa nini hukunisukuma hata kidogo?"

"Kwa sababu wewe na mimi ni kitu kimoja, nilidhani. Nilidhani mtu akipenda anageuza."

Walubengo aliangalia chini. Kumbe mkono wake ulikuwa kazini bila ruhusa yake: punje zilizooza huku, nzima kule, kirundo kidogo tayari kimekusanyika karibu na kiatu chake. Fridah pia alikuwa amekiona.

"Hata hapa?" akauliza.

"Pole. Sikujua nafanya."

"Hizo ni za kuku. Mama huziacha makusudi."

Akazirudisha moja moja. Ilichukua muda.

"Naweza kubadilika," hatimaye akasema.

"Najua. Wewe utabadilika vizuri kushinda mtu yeyote. Utaandika mpaka ratiba." Fridah akacheka, kile kicheko chake cha zamani chenye sauti, kikakatika katikati kikawa kilio. "Ona sasa. Ona vile unanifanya."

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda! Si ungeniacha nikuchukie ndio nipumzike? Nakupenda, lakini nikitafuta ni nani huyo anakupenda, simpati. Alienda wapi? Nimeenda kwaya ya hapa nyumbani Jumatano, Walu. Nimesimama mbele nikafungua mdomo na sauti haikutoka. Watoto wakanionea huruma."

"Nitangoja irudi. Nitangoja hata mwaka."

"Utakuwa unaihesabu."

Angetaka kukataa. Alifungua mdomo akatae, na papo hapo akajua kwamba kichwani mwake mwaka ulikuwa umeshagawanyika wiki hamsini na mbili. Akaufunga mdomo. Badala yake akatoa karatasi kwenye faili, upande wa nyuma ukiwa juu.

"Chukua hii basi. Ni ya ndugu yako. Ndio kitu kimebaki."

Fridah aliishika kidogo, akapitisha kidole juu ya ile kumi na tano, akamrudishia.

"Mimi naijua kwa kichwa. Alikuandikia wewe."

"Na wazee?"

Fridah aliinuka, akakung'uta makapi kwenye leso yake, akaingia jikoni. Walubengo akasikia wakiongea Kibukusu chini chini, mama na binti. Akasikia sufuria ikiwekwa chini. Watakuwa wanatengeneza chai, akawaza. Mtu hafukuzwi kwa chai. Kama kuna chai basi kuna mazungumzo, na kama kuna mazungumzo tarehe kumi na nne bado ipo.

Mlango wa jikoni ukafunguka.

Aliziona ndala kwanza, na pindo la gauni. Akafanya kama alivyolelewa: akainuka haraka, akageuka pembeni, macho chini, akingoja Mama Mukhisa apite mbali aendako. Ndala hazikupita mbali. Zilizunguka turubai, zikaja moja kwa moja, zikasimama mbele yake.

"Kijana," akasema. Hakusema kijana wetu. "Niangarie."

"Mama, siwezi."

"Unaweza sasa. Niangarie."

Akainua macho. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso ule kwa karibu. Paji la uso la Mukhisa, nyusi za Mukhisa, na ule mdomo wa Mukhisa uliokuwa kila mara kama unataka kuanza utani. Fridah alikuwa amesimama mlangoni, amejifunika uso kwa mikono.

"Ulimbeba mtoto wangu mgongoni pale Misikhu," Mama Mukhisa akasema. "Arinieleza. Sikuwahi kukushukuru, kwa sababu ya heshima. Asante sana."

Kisha akapangusa kiganja chake kwenye gauni, akanyoosha mkono.

Walubengo aliutazama. Ulikuwa na unga kwenye vidole, na hata kwake haukuwa mkono mwepesi kunyoosha. Kule mlangoni Fridah hakusema "Mama, ngoja." Walubengo alimngoja aseme, akangoja tena, na kuku wakaja wakaanza kudonoa turubai bila mtu wa kuwafukuza.

"Usarimie watu wa Kitale," Mama Mukhisa akasema kwa upole.

Walubengo akaupokea ule mkono kwa mikono yake miwili, kwa adabu, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumfundisha namna ya kuukataa.